Kayamba la Njahi

Siku ya takataka kule Membley, Ruiru, ni Jumanne. Lori la kuzoa huja asubuhi, na kila nyumba hutoa mfuko wake mweusi langoni. Nilipohamia kwa binti yangu kumlelea mtoto, niliufungua mfuko wa nyumba yetu mara moja tu, nikashikwa na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha. Kulikuwa na chupa za maji safi kabisa, vichupa vya yogati vyenye shingo nzuri, na maboksi ya juisi magumu ambayo hata maji hayapenyi. Kwetu Makongeni, Thika, chupa kama hiyo haitupwi. Inatiwa mafuta ya taa, inatiwa sabuni ya maji, inapelekewa mgonjwa uji. Hutupwa ikishatoboka, na hata hapo kuna mtoto atakayeiokota aifanye gari.

Basi nikazitoa, nikaziosha, nikazianika kwenye kamba ya nguo, midomo ikiangalia chini. Binti yangu aliporudi jioni kutoka kazini alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Mami! Hizi ni nini kwa line?"

"Ni chupa."

"Naona ni chupa. Watu wa hii estate watasema tunaokota takataka."

"Waambie ni mamako anaokota. Mimi sina ofisi ya kuogopa."

Alicheka bila kutaka, akaingia ndani kumchukua mtoto. Msichana wa kazi alikuwa ameondoka ghafla mwezi huo, na mume wa binti yangu kazi yake ni ya mbali, humwoni mpaka mwisho wa mwezi. Ndiyo maana niliitwa. Mjukuu wangu alikuwa na miezi kumi na mmoja, mnene, mwenye mashavu ya kuomba kubanwa. Jina lake ni la nyanya yake wa upande wa baba, kama desturi yetu inavyotaka. Mimi niko kwenye foleni, nangoja wa pili.

Kabla sijaendelea, lazima niseme habari za masikio yangu, kwa sababu bila hayo hamtanielewa. Nilifanya kazi ya kufuma nguo kiwandani Thika kwa miaka ishirini na miwili. Ukumbi wa mashine ulikuwa na kelele ya kutikisa meno. Wengine tulijaza masikioni pamba tuliyoiokota sakafuni, na pamba haikuzuia chochote. Kwa hiyo wanawake wa ukumbi ule tulikuwa na lugha yetu. Mdomo ulifunguliwa kwa upana bila sauti, na mkono ukausaidia. Ukigonga kifundo cha mkono, unauliza saa. Ukivuta kola, msimamizi anakuja. Ukizungusha kidole juu ya kiganja, chai. Kwa lugha hiyo tulisengenya maharusi, tukapanga michango ya mazishi, tukakosana na kupatana, na hakuna aliyetoa sauti. Nilipoacha kazi lugha ilibaki, ila masikio yakawa yamekwenda nusu. Nyumbani wananitania kwamba nikifungua televisheni, majirani hawana haja ya kununua yao.

Kitu cha kwanza cha kuchezea nilichomtengenezea mtoto kilikuwa gari la boksi la juisi. Nilipasha msumari kwenye jiko la gesi, nikatoboa vizibo vinne vya chupa, nikapitisha vijiti vya mishikaki, na magurudumu yakazunguka. Mbele nilifunga uzi wa kuvutia, kwa lile fundo dogo tulilokuwa tukiungia nyuzi zilizokatika kiwandani, fundo ambalo halifunguki hata ukilivuta kwa trekta. Mtoto alilishika gari lile akapiga kelele za furaha. Nikatengeneza la pili. Nikachukua chupa ya maji nikatia vipande vya karatasi za rangi na maji kidogo, nikaibana kizibo kwa gundi na uzi, akawa anaibiringisha sakafuni akiifuata kwa magoti mpaka chini ya kochi. Niliona fahari, siwezi kudanganya. Kulikuwa na midoli ya dukani ya kila aina aliyonunuliwa, na yote ilikuwa imelala kapuni ikingoja mtoto mwingine.

Ndipo nikasema, sasa nimtengenezee kayamba, kama yale ya kwaya ya kanisa letu.

Nilikuwa nimekuja na njahi kutoka soko la Makongeni, zile kunde nyeusi zenye ukanda mweupe. Njahi ni chakula cha mama anayenyonyesha, na nyanya zetu hawakuwa na mjadala juu ya hilo. Binti yangu alizila siku mbili, ya tatu akasema zina ladha ya dawa. Basi nilizobaki nazo nikazipeleka kwenye chupa. Nilichukua vichupa viwili vya yogati, nikatia ukufi mmoja wa njahi, nikavikutanisha mdomo kwa mdomo, nikaifunga ile shingo kwa kitambaa nilichokishona kwa mkono. Kilikuwa kitu kizuri, chenye kiuno. Nilikitikisa karibu na sikio langu, nikasikia kwa mbali, kama mtu anayepepeta nafaka nyumba ya tatu.

Mtoto alikuwa ameketi mkekani akicheza na gari lake. Nilikwenda nyuma yake nikatikisa. Hakugeuka. Nikatikisa tena, akaendelea kuzungusha gurudumu kwa kidole.

Nililitazama lile kayamba kwa dharau. Nikajiambia njahi zimejaa mno, hazina nafasi ya kuruka. Nikalifungua, nikapunguza, nikalifunga upya. Mtoto hakugeuka. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nikatengeneza la pili la mahindi makavu. Hakugeuka. La tatu nikatia kokoto nilizookota nje ya geti. Kwa la nne niliomba msaada kwa askari wa geti, mzee mwenzangu, naye akanikusanyia vizibo vya bati vya soda kutoka kwa duka la jirani. Nilivitia katika mtungi wa maji wa lita tano wenye mkono. Hilo hata mimi nililisikia vizuri. Nilipolitikisa, askari alikuja mbio kuuliza kuna nini.

Mtoto aliuona mtungi nilipouleta mbele yake, akacheka, akataka kuupanda.

Jioni hiyo binti yangu aliingia akiwa ameshika simu. "Mami, group ya estate imejaa complaints. Kuna mtu anauliza kama tunajenga kwa nyumba."

"Waambie tunajenga kwaya."

"Unajua shida ni gani? Wewe ndio huskii, so unaweka volume yako. Umetengenezea mtoto toys za kiziwi."

Tulicheka sote, mimi zaidi yake, kwa sababu ilikuwa haki yangu kuchekwa. Nikayaweka makayamba yote manne kapuni. Nikaamua mjukuu wangu hapendi muziki tu. Watu wa namna hiyo wapo, nimeimba nao kwaya.

Ilikuwa wiki mbili baadaye, mchana, nikimlisha uji karibu na dirisha. Lori la kuleta maji lilikuja kurudi nyuma kando ya ukuta wetu, na dereva akapiga honi ndefu, hivi hivi, dirishani. Niliruka mpaka uji ukamwagika kwenye lesso yangu. Mimi, mwenye nusu ya masikio, niliruka. Mtoto hakupepesa jicho. Alikuwa amefungua mdomo anangoja kijiko.

Niliweka bakuli chini. Nilikuwa nikimwimbia wimbo mdogo wa kulisha watoto, unaoishia kwa kubanwa pua. Nikauanza upya, na hapo ndipo nilipoyaona macho yake. Hayakuwa machoni pangu. Yalikuwa mdomoni. Niliyajua macho yale. Niliyatazama miaka ishirini na miwili ng'ambo ya mashine, kwa wanawake waliokuwa wakinisoma nilichosema. Nikaikata sauti, nikaendelea kuimba kwa midomo peke yake. Nilipofika mwisho alicheka na kukunja pua kabla sijaigusa. Kisha nikaziba mdomo wangu kwa kiganja, nikaimba kwa sauti yangu yote. Alinitazama kidogo, akainua mkono wake wenye uji, akakivuta kiganja changu chini ili auone mdomo.

Nililia pale pale. Nililia kwa ajili yake, na nililia kwa aibu, kwa sababu kwa majuma mazima nilikuwa nikitengeneza kayamba juu ya kayamba, nikidhani kasoro iko kwenye chupa.

Binti yangu aliporudi sikungoja hata avue viatu. Nilimwambia moja kwa moja: "Mtoto hasikii."

"Nani amesema?"

"Mimi."

Alinitazama kama mtu anayetaka kucheka akakuta hakuna mzaha. "Mami, please. Kila siku nikifungua mlango anageuka. Nikiingia room yake anageuka. Kliniki wamempima uzito, wamempa sindano zote, hakuna mtu amesema kitu."

"Kliniki walimpima uzito. Hawakumpima masikio."

"Na wewe umempima na nini? Na chupa? Wewe ndio huskii, Mami! Simu inalia hapo kando yako mpaka inakatika. Sasa unataka kuniambia mtoto wangu ni kiziwi kwa sababu ya chupa za takataka?"

Hapo nilipaswa kunyamaza. Lakini hasira zangu hazijawahi kuniomba ruhusa. Nilimwambia, "Sikio la kufa halisikii dawa." Ni methali ambayo nimemrushia tangu akiwa darasa la pili, kila alipokataa kunisikiza, na ilinitoka tu kwa mazoea. Nilipoisikia ikitoka nilitamani kuirudisha. Alimchukua mtoto, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Jumamosi nilipanga nguo mbili kwenye mfuko nikarudi Makongeni. Nilimwambia naenda kuangalia nyumba, ingawa nyumba haikuwa na haja ya kuangaliwa. Nilikwenda kwa rafiki yangu niliyefanya naye kazi kiwandani, mashine za jirani. Anakaa plot ya tatu kutoka kwangu, anauza mboga mlangoni kwake, na masikio yake ni mabaya kuliko yangu. Sisi wawili tukizungumza, watoto wa plot huja kutazama, maana tunatumia midomo na mikono hata pasipo kelele yoyote. Nilimweleza yote, mpaka ile methali. Alinisikiza kwa macho yake hadi nikamaliza.

"Haiya," akasema. "Ulienda kushuhudia juu ya masikio, wewe? Ni kama mimi niende kortini niseme nilisikia mwizi akinong'ona."

"Lakini ni kweli."

"Najua ni kweli. Macho hayo tunayajua. Lakini wewe si shahidi. Tafuta shahidi mwenye masikio."

"Nani? Majirani wamenichukia tayari."

Alichambua majani mawili ya sukuma, akayatupa. "Ni huyo huyo mama yake. Wacha kumwambia. Mpatie hizo chupa ajionee. Na ukifika, funga mdomo."

Nilirudi Ruiru Jumapili baada ya kanisa. Binti yangu alikuwa bado na nguo zake za kanisani. Alinisalimu kwa adabu, ile adabu ya kukaribisha mgeni, ikaniuma kuliko matusi. Nilimwambia nina ombi moja, na kwamba akilitimiza sitasema tena neno juu ya jambo hilo. Nikaleta kapu. Nikapanga makayamba manne kwenye zulia, la njahi, la mahindi, la kokoto, na ule mtungi wa vizibo.

"Keti nyuma yake," nilimwambia. "Mbali kidogo, asikuone kivuli. Anza na dogo."

Nilidhani atakataa. Alivua viatu, akaketi sakafuni, sketi yake ya kanisani imepanda magotini. Mtoto alikuwa katikati, mgongo kwa mama yake, akivuta gari la boksi la juisi. Mimi nilikaa mbele yake nikijifanya natengeneza gurudumu, nikaugandisha uso ili usimwonyeshe lolote.

Alitikisa kayamba la njahi. Mtoto alikuwa anatazama gurudumu. Alitikisa la mahindi. Alitikisa la kokoto, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Mbwa wa jirani akaanza kubweka. Mtoto akageuza gari juu chini kutazama uzi umefungwa wapi. Nilimwona binti yangu akiutazama ule mtungi muda mrefu bila kuugusa. Halafu akaukamata, akautikisa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Mtoto aliinua gari akanipa, kwamba nilirekebishe.

Binti yangu aliuweka mtungi chini polepole. Akasimama, na kivuli chake kilipopita zuliani mtoto aligeuka mara moja, akamwona mama yake, akanyoosha mikono akicheka.

"Ni kivuli," akasema. "Ngai. Kila siku ni kivuli. Ni mlango ukifunguka, ni hiyo mwanga."

Nilifunga mdomo kama nilivyoagizwa.

"Nimekuwa nikimwita jina lake, Mami. Kila siku nikimlaza namwita jina lake." Akaketi tena sakafuni akamkumbatia mtoto, akalia kwa sauti kama alivyolia akiwa mdogo, bila kujali kamasi wala nguo ya kanisani. Nilisogea nikawashika wote wawili. Mtoto alikuwa katikati yetu, akitazama midomo yetu kwa zamu, akitafuta tunasema nini.

Nilimwomba binti yangu msamaha kwa ile methali. Aliniambia, "Na mimi nilisema toys za kiziwi." Hatujayarudia maneno hayo tena.

Hospitalini tulikwenda wiki hiyo hiyo, na baada ya barua ya hapa na miadi ya pale tukafika kwa mtaalamu wa masikio, msichana mdogo mwenye sauti ya upole ambayo sikuisikia hata kidogo. Nilisoma midomo yake. Alituuliza tuligunduaje. Binti yangu alifungua mkoba wake wa ofisini, ule wa ngozi, akatoa kayamba la njahi akaliweka mezani kati ya kalamu na karatasi. Sikujua kama amelibeba. Yule msichana alilichukua, akalitikisa, akaligeuza kutazama mshono, akauliza nani amelishona. Nilikohoa.

Walimfunga mtoto nyaya kichwani akiwa amelala, wakazitazama mashine zao. Jibu lilikuwa kwamba anasikia kidogo sana, lakini anasikia, na kwamba kwa vifaa vya kuvaa masikioni anaweza kujifunza kusikia na kusema, mradi tusichelewe. Yule msichana alirudia mara mbili kwamba hatujachelewa. Binti yangu alinishika mkono chini ya meza.

"Na wewe, shosho?" yule msichana aliniuliza. "Tukupime pia?"

"Mimi masikio yangu yalishafanya kazi yao," nilimjibu. "Yaacheni yapumzike."

Vifaa vilichukua muda kufika. Huo ndio muda ambao naukumbuka kwa utamu zaidi, ingawa tulikuwa na wasiwasi. Nilimfundisha binti yangu lugha ya kiwandani. Alikuwa amekua akiniona nikiitumia na marafiki zangu, na utotoni aliionea aibu mbele ya wenzake. Sasa tuliketi jikoni sisi wawili, tukifungua midomo kwa upana bila sauti, na mtoto kwenye kiti chake akituangalia kama mtu aliye kwenye sinema. Siku moja, bila kuombwa, alinyoosha kiganja kimoja akazungusha kidole juu yake. Alitaka maziwa. Ile ishara yetu ya chai, ya wanawake waliokuwa wakichoka kwa kusimama, ilikuwa imefika kwenye kiti cha mtoto Membley. Nilimpigia rafiki yangu simu nimweleze, tukapigiana kelele dakika kumi bila kusikizana, lakini nadhani alielewa.

Vitu vya kuchezea navyo vikabadilika. Niliacha kushindana na kelele. Nilitengeneza chupa ya shanga zinazoshuka polepole ndani ya maji ya sabuni. Nilikata mtungi mkubwa ukawa ngoma, nikamfundisha kuukumbatia tumboni akiupiga, ili aisikie kwa mbavu. Binti yangu akaanza kurudi kutoka ofisini na mfuko wa chupa tupu, alizokusanya kwenye meza za wenzake baada ya mikutano. Nilimuuliza watu wanasemaje. Akasema, "Nawaambia ni mamangu anaokota." Watoto wa majirani wakaanza kuja mlangoni kuulizia magari ya boksi, na mama mmoja, ambaye nashuku ndiye aliyelalamika kuhusu ujenzi, alinitumia begi zima la vichupa vya yogati, vimeoshwa.

Vifaa vilipofika nilitarajia muujiza. Nilivaa nguo nzuri siku hiyo. Walimvalisha, wakaviwasha, akatoa macho, kisha akalia kilio cha hasira mpaka tukavitoa. Nyumbani alivivua akakitumbukiza kimoja kwenye uji. Siku ya pili alikificha ndani ya gari lake la boksi, tukazunguka nyumba nzima kukitafuta. Binti yangu alikata tamaa mara mbili kwa wiki, nami nilikuwa nikimwambia kwamba uzi mpya ukianza kufumwa hukatika sana, unaunga unaendelea. Nilimshonea mtoto kofia ya kitambaa chepesi yenye kamba chini ya kidevu ili vifaa visitoke kirahisi, na kamba nikazifunga kwa lile fundo langu. Akavivaa saa moja. Baadaye akavivaa asubuhi nzima. Sikuona tofauti yoyote na sikuthubutu kuuliza.

Ni juzi tu. Ilikuwa alasiri, binti yangu akiwa jikoni, mlango uko wazi. Mtoto sasa anatembea. Alikuwa amechuchumaa barazani, mgongo kwangu, akilisukuma gari lake kwenye ufa wa sakafu. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka, miguu mitupu, kwenye kivuli cha nyumba ambako mtu hawezi kutoa kivuli chake. Kapu la makayamba lilikuwa kando yangu, na la juu lilikuwa la njahi, lile la kwanza, ambalo nililiona dhaifu nikalidharau.

Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kuona kama mshono bado unashika. Nililileta sikioni pangu nikalitikisa kidogo, kama anayepepeta njahi za mtu mmoja. Sikusikia kitu. Nikadhani zimeoza humo ndani au zimegandana. Nikalitikisa tena, polepole vile vile.

Mtoto aliacha gari. Aligeuka. Hakunitazama mdomo. Aliutazama mkono wangu, akalitazama kayamba, akasimama akaanza kuja.

Binti yangu alikuwa ametokea mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Aliniuliza kwa midomo, bila sauti, "Limelia?"

Mimi sikulisikia. Nilijua limelia kwa sababu mtoto aligeuka.